Njia Mbili za Ubingwa wa Tiba Radiolojia

Tiba radiolojia ni tawi la utabibu ambamo daktari hutibu huku akiongozwa na picha za eksirei, ultrasaundi au sitiskani, akipitisha katika tundu dogo la ngozi sindano, waya na katheta, yaani mpira mwembamba unaopenyezwa ndani ya mshipa, ili azibue mshipa ulioziba, azuie damu inayovuja au atoe usaha bila kupasua. Kazi hiyo ilizaliwa mikononi mwa wasoma picha: mwaka 1964, mjini Portland nchini Marekani, Charles Dotter alipanua mshipa wa mguu wa mgonjwa aliyekuwa amekataa kukatwa mguu huo, na kwa miongo mingi baadaye aliyeitaka kazi hiyo alihitimu kwanza ubingwa wa kusoma picha, kisha akaongeza mwaka mmoja wa ubobezi.

Mwaka huo ulitosha kuizoesha mikono, lakini ulikuwa mfupi mno kumfundisha daktari kumpokea mgonjwa kliniki, kuamua kama tiba inamfaa, na kumfuatilia wodini baada ya katheta kutolewa. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda mwaka 2012, bodi kuu ya ubingwa wa Marekani ilipoitambua tiba radiolojia kuwa fani kamili, na ubobezi wa mwaka mmoja ukaisha mwaka 2020. Sasa njia ni mbili. Ile fungamani humchukua mhitimu wa udaktari akingali mbichi, akafanya mwaka 1 wa utarajali, miaka 3 ya radiolojia ya uchunguzi na miaka 2 ya tiba; ile ya kujitegemea humpokea aliyekwisha kuwa bingwa wa uchunguzi na kumwongezea miaka 2, ambayo hupungua kuwa 1 kwa aliyeanza mazoezi ya tiba mapema, akiwa bado katika mafunzo ya uchunguzi.

Kuingia katika njia fungamani hakutegemei barua ya ajira, bali ulinganishaji wa kitaifa, ambapo mwombaji hupanga vituo kwa mpangilio wa upendeleo wake na vituo navyo hupanga waombaji. Algoridhimu, yaani kanuni ya hesabu inayofuatwa hatua kwa hatua, humpeleka kila mwombaji kwanza kwenye chaguo lake la juu, na kituo humshikia nafasi kwa muda tu, hadi atokee mwingine kinayempenda zaidi, ndipo aliyeondolewa ajaribu chaguo linalofuata. Msingi wa nadharia yake uliandikwa na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, na Alvin Roth, aliyeiunda upya kanuni inayotumika leo akiwa na Elliott Peranson, alishiriki na Shapley Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2012. Kwa utaratibu huo, mwombaji anayetanguliza kituo kigumu hapunguziwi nafasi katika kituo cha pili, hivyo ujanja wa kuficha matamanio humdhuru mwenye ujanja.

Ugumu uko kwingine. Kwa kuwa nafasi fungamani ni chache, waombaji wengi huchanganya katika orodha moja vituo vya tiba na vya uchunguzi, na hapo ndipo kila mmoja hulazimika kujiuliza kama anaipenda sindano kuliko mji anaotaka kuishi. Tena, nafasi nyingi huanza baada ya utarajali, ambao hupangiwa orodha yake ya nyongeza, kiasi kwamba mtu aweza kukaa mwaka mmoja katika jimbo moja na mitano katika jingine, na matokeo yakishatoka mwezi Machi yanamfunga kimkataba.

Tanzania ilifika katika fani hii mjadala wa Marekani ukiwa umekwisha kuamuliwa. Shahada ya uzamili ya tiba radiolojia iliyoanza mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, mazoezi yake yakifanyika katika hospitali ya taifa jirani, iliwekwa kuwa ya miaka 2 tangu mwanzo, kwa daktari aliyekwisha kuwa bingwa wa radiolojia, huku walimu wa kutoka nje wakija kwa zamu kusimama naye mezani. Nafasi yake huombwa chuoni, wala hakuna orodha ya kulinganisha.