Ugoro, Popoo na Damu ya Mama Mjamzito

Urambo, Kaliua, Sikonge, mkoani Tabora: huko tumbaku ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Mkulima aliyeshinda akichuma majani yenye umande anakijua kizunguzungu na kutapika kunakomshika jioni. Ni nikotini ya jani bichi iliyopenya ngozini. Lakini wapo wanaotoka shambani wakabana ugoro ndani ya mdomo, wakiamini kuwa kisichotoa moshi hakidhuru.

Ugoro huchanganywa na magadi, nayo hayatiwi kwa ajili ya ukali tu: huifungua nikotini ipenye ufizi upesi. Chokaa hufanya kazi iyo hiyo katika tambuu ya Unguja na mwambao, ile inayokunjia popoo, katu na mara nyingi tumbaku. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliiletea Tabora miembe na Kiswahili. Kwa uraibu, hata hivyo, huku bara ugoro ndio wenye nguvu kuliko tambuu ya mwambao.

Saratani ya kinywa imesemwa sana, na ni haki: mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliitaja popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa kisababishi cha saratani. Damu ndiyo tunayoisahau. Utafiti uliofanywa Mumbai, India, uliwakuta wajawazito wanaotumia tumbaku isiyo ya moshi wakiwa na upungufu wa damu zaidi ya wenzao. Mwingine wa mji huo huo, uliochapishwa 2004, ulionesha watoto wao wakizaliwa na uzito pungufu kwa wastani wa gramu 105. Popoo nayo ina tanini nyingi, ambazo hushikana na madini ya chuma tumboni yasifike kwenye damu.

Sasa mtazame mama mjamzito wa kijijini Tabora wakati wa kiangazi. Mboga yake ni nsansa, majani yaliyoanikwa juani, na jua limekwisha kula sehemu kubwa ya vitamini C. Bila vitamini hiyo, chuma cha kwenye mboga hakifyonzwi vizuri. Embe au pera baada ya ugali humsaidia kuliko anavyodhani. Kliniki anapimwa wingi wa damu na kupewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Naomba aulizwe pia, faraghani na bila kuaibishwa, kama anatumia ugoro, maana wengine huuweka mdomoni ili kutuliza kichefuchefu cha mimba, na asipoulizwa hatasema.