Amana ya Mali ya Mzazi Aliyezeeka



Mazungumzo ya alasiri hii yanahusu jambo ambalo wengi wetu hapa Minneapolis na Saint Paul hulifanya kwa nia njema na kulikosea kwa kutojua, nalo ni kushika fedha za mzazi aliyezeeka. Mwenye kuzishika si mwenye mali, ni mwenye amana. Aya ya 6 ya Suratun-Nisaa, inayohusu mali ya yatima, imemtaka msimamizi tajiri ajizuie, aliye fukara ale kwa kadiri ya wema, na wakati wa kukabidhi wawekwe mashahidi. Mzazi si yatima, lakini adabu ya kazi hii tunaipata hapo.

Tuanze na akaunti ya pamoja, maana ndiko wengi wanakoteleza. Kijana humwandikisha mama yake katika akaunti yake mwenyewe, ili mama apate pa kutolea fedha za dawa. Ikiwa mama anapokea SSI, idara ya Hifadhi ya Jamii huchukulia kuwa fedha zote zilizomo ni zake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Na mpokeaji asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Mwezi ukianza na akiba ya mtoto imo humo, mama anaonekana tajiri. Malipo husimamishwa, na yaliyokwisha kutolewa hudaiwa.

Kuna na la pili. Mzazi akifariki, sheria ya Minnesota kwa kawaida humwachia akaunti hiyo mwenza aliyebaki. Ndugu zake walioko Mombasa na Unguja, wenye mafungu yao katika mirathi, benki haiwajui. Fedha za mzazi zinakuwa zake kisheria, hali kisharia si zake peke yake. Ni ndugu wangapi wamehasimiana kwa hili!

Iliyo salama zaidi ni hati ya uwakilishi. Mzazi huitia tarehe na saini mbele ya ofisa wa kuthibitisha saini, angali na akili timamu, na hati itamke wazi kuwa itaendelea hata akili zikidhoofika. Akingoja mpaka usahaulifu umzidi, hawezi tena kuiandika. Itabidi kwenda mahakamani, Hennepin au Ramsey, kuomba msimamizi wa mali, na njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Hata hivyo, Hifadhi ya Jamii haiitambui hati hii. Kwao mtoto huomba ateuliwe kupokea malipo kwa niaba ya mzazi, asiyachanganye na fedha zake, na aweke hesabu ya matumizi.

Na safari, jamani. Mpokeaji wa SSI akikaa nje ya nchi siku 30 mfululizo, malipo husimama, wala hayarudi mpaka akae tena hapa siku 30 mfululizo. Mkate tiketi ya mzee kwa hesabu hiyo.

Ama zaka ya mzazi, ni ibada yake. Mtoto haitoi bila ya idhini yake.

Futari imekaribia. Wenye maswali wayaandike, tutayajibu baada ya Tarawehe.