Si Kila Anyamazaye ni Mtiifu

“Mpole na mtiifu.” Maneno hayo yamejaa katika ripoti za shule na barua za kumtambulisha mfanyakazi, na aghalabu huandikwa kwa nia njema. Lakini watu watatu wanaweza kuinamisha vichwa na kufanya walichoambiwa kwa sababu tatu zisizofanana. Kiswahili kina maneno ya kuwatenganisha, na tunapoyachanganya kuna mtu anayedhulumika.

Tuanze na utii wenyewe. Mtiifu hufuata amri kwa kuwa anatambua haki ya anayeitoa: mwana kwa mzazi, muumini kwa Mola wake, askari kwa mkubwa wake. Jirani yake ni msikivu, anayepokea shauri kabla halijawa amri. Mnyenyekevu naye hujishusha ilhali anaijua thamani yake, ndiyo maana hata kiongozi husifiwa kwa unyenyekevu. Katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham anaufungamanisha utii na radhi: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya wazazi na ya mume. Wasomaji wengi wa leo watabishana naye kuhusu anayomtaka mke ayatende, lakini humo anayetii anajua anamtii nani na kwa nini.

Sarufi pia inatusaidia. Viishio -fu na -vu katika mtiifu, msikivu, mnyamavu na mvumilivu hutaja tabia iliyokwisha kumkaa mtu, bila kusema imetoka wapi. Tukisema “ametiishwa”, kitenzi chenyewe kinazua swali: na nani, na kwa njia gani? Hapo ndipo alipo mnyonge. Kimya chake hakukichagua, kwani hana nguvu ya kusema. Methali “Mkono usioweza kuukata, ubusu” inamhusu yeye. Busu hilo linatokana na kukosa njia, si mapenzi wala heshima.

Kundi la tatu linatambulika kwa ji-: kujipendekeza, kujikomba. Huyu hajalazimishwa na mtu, anajishusha mwenyewe kwa tamaa ya cheo au fungu. Mitaa ya Tanzania humwita chawa. Katika siasa, anayetumikia maslahi ya wageni dhidi ya watu wake huitwa kibaraka. Wala hangoji amri, humwahi mkubwa kabla hajaitamka.

Kwa kuwa matendo yao hufanana, tuwapime kwa maswali mawili. La kwanza: angekataa, angepatwa na nini? Kama jibu ni kipigo, njaa au kufukuzwa, tusiseme upesi kwamba ni utii. La pili: mkubwa akiondoka, angeendelea? Mtiifu huendelea, kwa sababu ameridhika na wajibu wake. Anayejipendekeza huacha, kwa kuwa hakuna wa kumwona.

Wanaohitaji zaidi uangalifu wetu ni wale wasioweza kujieleza. Msichana wa kazi anayeamka alfajiri na kulala usiku wa manane bila kulalamika husifiwa na waajiri kwa utii. Mwanafunzi asiyeinua mkono mwaka mzima huandikiwa “mpole”. Sifa hizo humaliza mazungumzo, na mzazi huipokea ripoti kwa furaha. Mwalimu akiandika “anaogopa kusema”, mzazi atalazimika kuuliza anamwogopa nani.