Nyota Iliyopasuka na Wingu Lake Ling'aalo

Watu wengi hudhani ya kuwa nyota hazibadiliki kamwe, lakini sivyo. Nyota nazo huzaliwa, huishi na kufa, na baadhi yao hufa kwa kupasuka.

Tarehe 4 Julai, mwaka 1054, wataalamu wa nyota wa China waliona nyota ngeni katika kundi la Thauri, ambamo pia imo Kilimia ijulikanayo sana na wakulima. Nyota hiyo iling'aa hata ikaonekana mchana kwa siku 23. Usiku ilionekana kwa muda wa karibu miaka miwili, ndipo ikatoweka. Wachina waliandika habari zake kwa uangalifu.

Sababu ya kupasuka ni hii. Nyota hugeuza gesi iliyo moyoni mwake kuwa vitu vizito zaidi, na joto litokalo humo huizuia isibomoke kwa uzito wake yenyewe. Nyota iliyo nzito kuliko jua mara nane au zaidi huimaliza akiba yake upesi. Hapo moyo wake huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na sehemu zake za nje hutupwa mbali kwa nguvu kubwa mno.

Mahali pale pana wingu la gesi liitwalo Kaa, lionekanalo kwa darubini tu. Mwaka 1921 John Duncan wa Marekani alilinganisha picha za miaka mbalimbali, akaona kwamba linapanuka. Mwaka 1928 Edwin Hubble alihesabu kurudi nyuma, akakuta kuwa lilianza kupanuka yapata miaka 900 kabla yake. Hesabu hiyo ikapatana na maandishi ya Wachina. Mwendo wake ni karibu maili 900 kwa kila sekunde.

Je, mbona bado lang'aa? Katikati umebaki moyo wa nyota ile, uliogunduliwa mwaka 1968. Upana wake haufiki maili 20, lakini huzunguka kama pia mara 30 kwa kila sekunde, na nguvu zake ndizo zilitiazo wingu mwanga.

Jua halitapasuka namna hiyo, kwani ni dogo. Wala vifo vya nyota si hasara tupu. Sehemu kubwa ya hewa ya oksijeni wanayovuta watu, na chuma kilichomo katika jembe na katika damu, vilitoka katika nyota zilizopasuka zamani kabla dunia haijakuwako.