Kabla hujavaa ile bangili ya hoteli kule Karibi

Umeziona zile video. Binamu yako aliye muuguzi Texas yuko Montego Bay, Jamaica, miguu juu, kinywaji cha rangi tatu mkononi. Angalia kifundo cha mkono wake vizuri. Kuna bangili ya plastiki pale, na hiyo ndiyo siri ya mambo yote. Ukishavalishwa, huulizwi pesa tena. Chakula, pombe, mitumbwi, muziki wa usiku, vyote vilishalipiwa kabla hajapanda ndege. Halafu anakutumia ujumbe: "Desemba twende sote, wewe jipange tu."

Kabla hujauza pikipiki, hebu tupige hesabu.

Wazo la kulipa mara moja halikuzaliwa Karibi. Club Med ilianza nalo mwaka 1950 kwenye kisiwa cha Majorca, Uhispania, watu wakilala kwenye mahema. Karibi ndiyo iliyolifanya kuwa biashara kubwa ya maharusi na wapenzi. Mwaka 1981, Mjamaica Gordon "Butch" Stewart alifungua Sandals ya kwanza Montego Bay, na tangu hapo hoteli za aina hii zimejaa Jamaica, Punta Cana katika Jamhuri ya Dominika, Saint Lucia, hadi Antigua.

Ukweli usemwe, raha ipo. Kama umewahi kwenda Diani na marafiki wanane, unajua bili ikiletwa mezani nini hutokea. Kuna msee ghafla amepigiwa simu, mwingine "alikunywa soda tu." Kule hakuna drama hiyo. Unajua kabla ya safari utatumia ngapi. Ukiwa na watoto, au mama yako ambaye hajawahi kuondoka nchini, huo utulivu una thamani.

Lakini bei hiyo imepigiwa hesabu ya mtu anayekunywa kuanzia saa nne asubuhi. Kama wewe hunywi pombe, unamlipia jirani yako wa bwawa la kuogelea, na hata hatakuambia asante. Kisha bei nyingi zinazotangazwa ni za mtu mmoja akigawana chumba na mwenzake. Ukienda peke yako unaongezewa, na ukienda na mpenzi ile namba uliyoiona inazidishwa mara mbili. Wengi hugundua hapo pa kulipa.

Sasa kuna jambo ambalo mimi hunikera zaidi ya bei. Jamaica ina sheria ya ufuo ya mwaka 1956, ya enzi za mkoloni, ambayo haimpi mwananchi haki ya jumla ya kutumia ufuo wa bahari. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kilomita mbili kutoka baharini anaweza kuzuiwa getini, huku wewe uliyefika jana ukipita kwa sababu ya plastiki mkononi. Wanaharakati huko wamefikisha suala hili mahakamani. Sisi tumezoea kushuka Diani na kutembea mbele ya hoteli kubwa tukinywa madafu, na mlinzi anatutazama tu. Kumbe hiyo si kawaida kila mahali. Barbados, kwa mfano, fuo ni za umma, na Jamhuri ya Dominika sheria inauhesabu ukanda wa mita 60 kutoka baharini kuwa wa umma, hata kama hoteli zimeuzunguka.

Na pesa zako? Ukilipa ukiwa Nairobi au Dallas, kwa kampuni ya Uhispania, sehemu kubwa huenda isiguse kisiwa kabisa. Yule mama anayechoma kuku wa jerk kando ya barabara hakuoni, maana ulishashiba ndani. Novemba 2024, wafanyakazi wa hoteli kadhaa za Jamaica waligoma wakidai malipo bora. Hao ndio wanaokutandikia kitanda na kukukunjia taulo umbo la bata.

Bei ikishuka ghafla, angalia kalenda. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Melissa kiliikumba Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025, kikiwa cha daraja la juu kabisa, na kikaharibu vibaya magharibi ya kisiwa. Halafu kuna mwani wa sargassum, ambao tangu 2011 umekuwa ukifika kwa wingi ufuoni na kunuka kama mayai viza. Hizo picha za matangazo hazinusi.

Kwa Mkenya kuna shida nyingine, njiani. Jamaica haimdai Mkenya viza ya utalii, lakini ukipitia Miami, hata kwa saa mbili tu, Marekani inataka viza. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, la sivyo utarudishwa ukiwa bado unanusa bahari.

Mimi ningefanya hivi: siku tatu ndani ya geti, nile hadi nichoke, nilale. Kisha nitoke. Ningepanda teksi ya ruti, zile zenye namba nyekundu, ambazo ni ndugu wa damu wa matatu zetu, niteremke Treasure Beach kusini ambako nyumba za wageni ni za wenyeji na wavuvi bado wanavuta mashua. Au Boston Bay, Portland, wanakosema jerk ilianzia, nile kwenye karatasi nikisimama.

Kwa hivyo leo usimjibu binamu "niko ndani." Mwulize kwanza: hiyo bei ni ya mtu au ya chumba? Akisema ya chumba, mwulize tena.