Saratani ya Tumbo na Jeni Zilizoamka Upya

Mwaka jana nilipokuwa fildi, nikifundisha Baiolojia kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja wa viti vya nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama seli zote za mwili zina DNA ileile, mbona jicho halisagi chakula?" Nilimjibu juu juu, kengele ikaniokoa. Swali lile nimekuja kulielewa mwaka huu, baada ya kumzika mjomba wangu kwa saratani ya tumbo. Miaka mingi alikuwa anatafuna vidonge vya kupunguza asidi huku akisema, "Ni vidonda tu hivi." Alipokuja kufanyiwa kipimo cha kamera, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Nikaanza kusoma. Niliyoyapata nayaweka hapa kama ningeyaweka ubaoni.

Tuanze na lile swali. Kila seli ina muhtasari mzima wa masomo, yaani jeni kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini hakuna seli inayofundisha mada zote. Seli ya tumbo inayotoa asidi inafungua mada zake, zilizobaki inaziacha. Jeni ikifunguliwa, inatolewa nakala iitwayo RNA, na nakala hiyo ndiyo inayotumika kutengeneza protini. Kufunguliwa huko ndiko kunakoitwa usemi wa jeni. Kwa hiyo jicho nalo lina jeni za kusaga chakula, ila zimekaa kimya.

Sasa kuna seli shina. Hii ni kama mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne lakini hajachagua tahasusi: anaweza kwenda PCB, HKL au EGM. Ukuta wa ndani wa tumbo unakaa kwenye asidi kali, hivyo seli zake za juu huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Wa kuleta seli mpya ni seli shina zilizojificha ndani ya tezi za ukuta huo. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers huko Uholanzi lilionyesha kuwa jeni moja, LGR5, inatambulisha seli shina za utumbo wa panya. Mwaka 2010 wakazionyesha pia kwenye tumbo la panya, karibu na mlango wa kuingilia utumbo. Jeni kama hiyo tunaiita kiashiria: ukiiona imefunguliwa, unajua upo karibu na seli ya aina gani.

Saratani inaingilia wapi? Mara nyingi mwanzo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa bakteria hao mwenyewe ili athibitishe kwamba wanaharibu tumbo, akaugua kweli. Yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wengi wenye bakteria hawa hawapati saratani. Ila kwa baadhi, uvimbe unakaa tumboni miaka na miaka, tezi zinanyauka, kisha ukuta wa tumbo unaanza kufanana na wa utumbo. Hapo jeni zinabadilishana zamu: SOX2, ya kawaida kwa tumbo, mara nyingi hufifia, na CDX2, ambayo ni ya utumbo, inawaka mahali isipostahili. Baada ya hapo seli zinaweza kupoteza umbo lake, na mwisho ni saratani.

Ndani ya uvimbe wa saratani, baadhi ya seli zinarudi kufungua mada za seli shina. Zinagawanyika bila kuchagua tahasusi wala kumaliza shule. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa seli za saratani ya tumbo zenye kiashiria CD44 zikipandikizwa kwa panya zinaweza kuota uvimbe mpya. Hoja ya watafiti wengi ni kwamba seli za namna hii hustahimili dawa: nyingine hulala, na dawa nyingi hupiga seli zinazogawanyika. Uvimbe unapungua, familia inashukuru Mungu, halafu ugonjwa unarudi.

Kuzipima, daktari anakata kinyama kidogo kwa kutumia kamera ya tumbo. Maabara inaweza kupima wingi wa RNA kwa PCR, au kupaka kipande chembamba kingamwili zinazong'ang'ania protini fulani na kuipa rangi chini ya hadubini.

Basi tukipima LGR5, CD44 na SOX2 kazi imeisha? Hapana, na hapa naomba tusidanganyane. Jeni hizi zipo pia kwenye seli nzima zisizo na ugonjwa. Matokeo ya tafiti nayo yanapishana: zipo zilizokuta SOX2 nyingi inaambatana na hali mbaya, na zipo zilizokuta kinyume. Kiashiria kinachoongoza tiba ya saratani hii hospitalini ni kama HER2, ambacho si cha seli shina. Mgonjwa mwenye HER2 nyingi anaweza kupewa trastuzumab, dawa iliyoidhinishwa kwa saratani ya tumbo Marekani na Ulaya mwaka 2010. Viashiria vya seli shina bado viko zaidi kwenye utafiti.

Tena, hata kipimo kizuri namna gani kinahitaji kile kinyama, na kinyama kinahitaji mtu aende mapema. Humu hosteli tunaishi kwa chipsi mayai na kushinda njaa mpaka bumu litoke, tumbo likiuma tunakimbilia vidonge vya dukani. Si kila maumivu ni saratani. Lakini yakirudi rudi, omba upimwe H. pylori, choo au pumzi tu inatosha, na bakteria hao wanatibika. Ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, unapungua uzito bila sababu, chakula kinakwama au unashiba kwa matonge mawili, usisubiri mitihani iishe.

Mjomba alikuwa na dalili mbili kati ya hizo, na sote nyumbani tulikuwa tunaziona. Yule mwanafunzi wa nyuma nikimpata tena, jibu lake ninalo.