Ambulensi imefika, sasa nani anaongea na daktari?

Kama umewahi kushuka Kangemi usiku ukavuka Waiyaki Way kuingia Loresho, unajua magari ya hapo hayana huruma. Mwaka jana nilikuwa naelekea nyumbani mwenye nduthi alipogongwa mbele yangu. Tulifanya kile ambacho sisi hufanya. Wengine walitoa simu kurekodi, wengine wakataka kumwinua wamrushe nyuma ya Probox. Mama wa mahindi choma ndiye aliyetufokea: "Msimguse shingo!"

Ambulensi ilipofika, mhudumu mmoja alikuwa amebana simu kwa bega huku mikono yake ikifunga mguu wa jamaa. Nikajiambia, haya, tayari anauliza nani atalipa. Kumbe anaongea na daktari. Alimtajia presha, akamwambia mguu umevunjika, mgonjwa anaongea lakini hajui leo ni siku gani. Akanyamaza, akasikiliza, kisha akasema, "Sawa daktari, tunakuja." Kabla mlango haujafungwa, hospitali ilishajua nani anakuja na atahitaji nini.

Hiyo simu ndiyo nataka tuizungumzie, kwa sababu wengi wetu tukisikia ambulensi tunawaza king'ora na mwendo wa kasi tu.

Mhudumu wa ambulensi si daktari. Amefunzwa kumshikilia mgonjwa asikuponyoke njiani, lakini nyuma yake anafaa kuwa na daktari wa hospitali anayeisimamia kazi yake. Sehemu kubwa ya usimamizi huo hufanyika hata kabla hujaanguka. Daktari huandika itifaki: mtu akidegedega apewe dawa gani na kiasi gani, sukari ikishuka ufanye nini, kifua kikibana uanze na nini. Jambo likizidi yaliyoandikwa, mhudumu anapiga simu. Na safari ikiisha, daktari huyo huyo anakaa na fomu zake na kuuliza maswali yasiyopendeza: mbona oksijeni ilichelewa? Mbona mlipita hospitali iliyo karibu? Hapo ndipo watu hujifunza. Bila hiyo, kosa la leo linarudiwa wiki ijayo kwa mgonjwa mwingine.

Sasa fikiria laini hiyo isipokuwepo. Huhitaji kwenda mbali. Oktoba 2015, mwanamume mmoja aligongwa na gari hapo hapo Kangemi. Alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 hivi, akizungushwa Nairobi kutafutiwa kitanda cha ICU. Kwingine waliambiwa hakuna nafasi, kwingine amana ikaitishwa kwanza. Alifariki. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba gari lilikuwepo, na mhudumu alikuwepo, akihangaika naye usiku kucha. Kilichokosekana ni mtu mmoja ndani ya hospitali mwenye mamlaka ya kusema: mleteni kwangu.

Na si ati sheria haipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: matibabu ya dharura yanaanzia kabla ya kufika hospitalini, na hospitali ambayo haina uwezo inapaswa kumpangia mgonjwa pa kwenda. Ikikataa kumhudumia na uwezo inao, faini inaweza kufika Sh3 milioni. Sawa. Lakini sheria haishiki simu saa nane usiku.

Kuna wakati jambo hili lilifanyika kwa redio, na kituo kilikuwa hapa kwetu. AMREF ilianzishwa 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, na ndege zake bado zinaruka kutoka Wilson. Lakini ndege ilikuwa nusu ya hadithi tu. Nusu nyingine ilikuwa redio: muuguzi wa zahanati ya mbali alieleza anachokiona, na daktari aliye Nairobi akamwelekeza.

Miaka ya 1980, mmoja wa madaktari waliofanya kazi na AMREF hapa Nairobi alikuwa Nancy Caroline, Mmarekani. Kabla ya kuja alikuwa daktari msimamizi wa Freedom House, huduma ya ambulensi iliyoanza 1967 mjini Pittsburgh. Wahudumu wake walikuwa vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi hawana kazi, baadhi hawakumaliza hata shule ya upili. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nilipokutana na kisa hiki nilikisoma mara mbili. Vijana hao walifunzwa chini ya daktari Peter Safar, bingwa wa mbinu za kumfufua mtu aliyeacha kupumua. Caroline naye alipanda nao ambulensi na kuwaelekeza kazini. Hakuwaonea huruma, aliwadai kazi safi.

Jirani zetu Tanzania nao wana m-mama. Mama mjamzito akipata shida, simu inapigwa 115 bila malipo. Anayepokea ana maswali yaliyopangwa ya kupima uzito wa hali, anachagua kituo cha kumpeleka, na kama ambulensi haipo anamtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo ambaye amesajiliwa na hulipwa kwa safari hiyo. Dereva hahitaji kukisia, wala hamzungushi mtu mji mzima.

Rudi Loresho sasa. Upande mmoja kuna mageti na soja kila kona, upande mwingine kuna Kibagare, ambako vichochoro vingine hata nduthi hupita kwa shida. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na mikoba yao ina kipimo cha presha na cha sukari. Ni jambo zuri, na siwezi kulibeza. Lakini mama wa mkoba huo akikuta jirani presha imepanda na mdomo umepinda, anampigia daktari gani usiku? Kama jibu ni "atafute gari," basi tumempa mashine ya kusoma janga tu. Mpe yeye, na vijana wa nduthi wa steji, laini ya hospitali moja inayojulikana, na daktari anayejua majina yao.

Kwa sasa, weka 1199 ya Msalaba Mwekundu kwenye simu yako kabla hujamaliza kusoma hapa. Na kama mtaa wenu unachanga pesa za kulipia ambulensi kila mwaka, uliza swali moja: daktari wenu msimamizi ni nani, na usiku anashika simu? Mimi nilipigia kampuni mbili nikauliza hivyo. Moja ilinijibu papo hapo, ikanieleza hata zamu zao. Nyingine ilininyamazia kidogo, kisha ikanipitisha kwa watu wa mauzo.